MP3, MP4, MP5: namba hizi zinahesabu nini?

Mama mdogo alirudi kutoka Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, na kiboksi cha karatasi. Juu yake paliandikwa MP4 kwa herufi za rangi ya fedha, na chini picha ya msichana anayecheza huku nyaya zikining'inia masikioni. Muuzaji alikuwa amemhakikishia: “Mama, hii njo MP4, iko inacheza mpaka na video.” Akanikabidhi pamoja na flashi yenye video ya kwaya ya parokia yao, iliyochukuliwa siku ya Pasaka. Nilipoichomeka kwenye laptopu nikaona jina la faili linaishia kwa .mp4, nikamwambia akae tu, chai haitapoa. Nikakopi, nikachomoa waya, tukabonyeza. Kioo kikatuandikia maneno mawili ya Kiingereza, maana yake faili hilo hakilijui.

Mama mdogo hakukiangalia kioo, aliniangalia mimi. “Si njo weye unasemaka unajua bitu bya mashini?”

Chombo kinaitwa MP4. Faili linaitwa MP4. Kumbe hata salamu hawapeani.

Shida inaanzia kwenye namba. Hapa Goma, na sidhani kama Bukavu wako tofauti, namba hizi zinasomwa kama madarasa ya shule: MP3 ni ya zamani, MP4 imepanda, MP5 imepanda zaidi. Ndiyo maana muuzaji akikutajia iliyo kubwa anapandisha na bei. Lakini 3 ya MP3 na 4 ya MP4 hazihesabu kitu kimoja.

Mwaka 1988 kulianzishwa kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, kazi yao ikiwa kuweka kanuni za kubana picha zinazotembea pamoja na sauti yake, ili zichukue nafasi ndogo. Kifupisho cha jina lao ni MPEG. Kanuni yao ya kwanza, MPEG-1, ilitoka mwaka 1993, na upande wa sauti ilikuwa na matabaka matatu: la kwanza jepesi, la pili gumu kidogo, la tatu linalodai hesabu nyingi kuliko yote na kubana vizuri kuliko yote. MP3 ni hilo tabaka la tatu. Jina lenyewe lilikuja baadaye. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, mjini Erlangen, Ujerumani, walikuwa wakiyaandika mafaili yao kwa .bit, mpaka tarehe 14 Julai 1995 walipokubaliana kwamba yaishie kwa .mp3.

MP4 ni habari nyingine. Hiyo 4 ni ya MPEG-4, kanuni nyingine nzima ya kundi lilelile, na faili la MP4 limeelezwa katika sehemu yake ya 14, iliyotoka mwaka 2003. Kwa hiyo namba moja inahesabu vyumba ndani ya nyumba, nyingine inahesabu nyumba zenyewe. (MPEG-3, kama unajiuliza, haikutoka kamwe, kazi yake ilimezwa na MPEG-2.) Ukisema MP4 imeizidi MP3 kwa moja, ni kama kusema mtoto wa darasa la nne amemzidi jirani anayekaa nyumba namba tatu.

Tuanze na MP3, maana ndiyo iliyotulea. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kushoto na kulia (biti ni alama moja ya 0 au 1, na nane zinafanya baiti). Zidisha utapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 na nusu kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata megabaiti 1 kwa dakika hiyohiyo. Sehemu kumi kati ya kumi na moja hazipo, na wimbo bado unautambua kutoka mlangoni.

Zimekwenda wapi? Simama sokoni karibu na mashine ya kusaga unga, halafu mtu aliye hatua tatu akuambie neno kwa sauti ya chini. Sauti yake inakufikia sikioni sawasawa, ila mashine inaifunika, unabaki kumtazama midomo. Hesabu ya MP3 inatafuta sauti za namna hiyo, zile ambazo sauti kubwa ya jirani yake ingezifunika hata hivyo, inazipa biti chache au inazinyima kabisa. Kinachobaki kinabanwa tena bila kupoteza kitu, kama unavyokunja shuka. Ukitaka kujua ni wapi imekata sana, sikiliza makofi ya watu wengi au kayamba katika MP3 ya kilobiti 64: inatoa sauti ya majimaji, kama mtu anapiga makofi ndani ya beseni.

Basi kilobiti ngapi zinatosha? Inategemea unasikiliza nini na kwa spika gani. Mahubiri ya saa moja kwa kilobiti 64 yanachukua megabaiti 28.8, na sauti ya mchungaji haipungukiwi na chochote. Kadi ya gigabaiti 2 inabeba saa 69 za mahubiri ya namna hiyo, na nina shangazi ambaye angezimaliza. Rumba yenye gitaa tatu zinazoongea kwa pamoja nisingeishusha chini ya 128, na kwa spika za masikioni nzuri naipandisha 192. Ila kumtilia mtu nyimbo za 320 kwenye kiredio chenye spika ya upana wa kifuniko cha kopo ni kujaza kadi ya mtu bure.

Faili la MP4, kwa upande wake, halibani kitu chochote. Ni gunia. Ndani ya gunia kuna picha iliyobanwa kwa njia moja, sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na karatasi inayoeleza kipande gani cha picha kinakwenda na kipande gani cha sauti. Siku hizi picha mara nyingi ni ya njia inayoitwa H.264 na sauti ni AAC, lakini gunia linaruhusu na vingine. Anayesoma .mp4 kwenye jina la faili amesoma maandishi ya gunia tu; kama ndani ni maharage au mchele, hayo hayajaonyeshwa. Ndiyo maana video mbili za .mp4 zinaweza kuwa kwenye simu moja, moja ikafunguka, nyingine ikatoa sauti bila picha.

Sasa kile chombo cha mama mdogo. Vyombo vingi vidogo vilivyotoka China vikiitwa MP4 havikutengenezwa kufungua faili la MP4 hata siku moja. Walivipa jina hilo kumwambia mteja kwamba hiki kimepita MP3, kina kioo na kinaonyesha video. Video yake ni ya aina yake, mara nyingi jina linaishia kwa .amv. Sababu iko kwenye chipu. H.264 haiandiki kila picha nzima. Inaandika picha moja, halafu mabadiliko: mkono umesogea hapa, kichwa kimegeuka pale. Faili linakuwa dogo, lakini chombo kinatakiwa kukumbuka picha zilizopita na kupiga hesabu bila kupumzika. AMV haitaki shida hiyo. Kila picha inasimama peke yake kama picha ya kawaida, inafunguliwa, inaonyeshwa, inasahauliwa, inakuja nyingine. Chipu ya bei ndogo inaimudu, mradi picha iwe ndogo, nukta 160 kwa 120 kwa mfano, na zipite kama 12 mpaka 16 tu kwa sekunde. Mtu akigeuka haraka anaonekana anaruka.

Dawa yake ni kugeuza faili kabla ya kulitia. Programu ya kugeuza kwa kawaida ilikuja ndani ya kiboksi, kwenye CD ndogo kama kiganja cha mtoto, na laptopu za sasa hazina hata mahali pa kuiingiza. Cha mama mdogo kilikuwa nayo. Niliazima kisomea CD kwa jirani.

Nyumbani kwetu vimekaa vyombo vinne, na ukivilinganisha kwa namba za MP hutafika popote. Kuna hicho cha kwake. Kuna simu ya vibonyezo ya mjomba, ambayo inapenda video za .3gp, ndugu wa damu wa MP4: gunia la muundo uleule lililopunguzwa kwa ajili ya simu, picha mara nyingi 176 kwa 144. Kuna simu yangu ya kioo, inayofungua karibu kila kitu na kumaliza chaji kabla ya jioni. Na kuna kiredio chenye tundu la kadi, ambacho mama yangu anakwenda nacho soko la Virunga. Hicho hakina video wala kioo cha maana, na ndicho kinachotumika kuliko vyote. Betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia za zamani, inatoka kwa ukucha na nyingine inaingia. Umeme ukikatika siku mbili, ana betri mbili za akiba kwenye pochi, na wote wenye simu za kioo wanamsogelea kusikiliza habari. Kasoro yake ni kwamba kinapiga nyimbo kwa mpangilio zilivyoingizwa kwenye kadi, hakijui alfabeti. Ukitaka wimbo uwe wa kwanza, utie wa kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo jina la kwenye kiboksi halisemi, na hili limewaliza watu. Ukikuta chombo cha gigabaiti 8 kinaonyesha 7.4, usigombane na muuzaji. Mtengenezaji amehesabu kwa elfu, kompyuta imehesabu kwa 1,024, ni kipimo kilekile. Ubaya ni pale ambapo chombo kina gigabaiti 2 na kimefundishwa kusema kina 8. Unatia nyimbo, kinakubali, kinaonyesha majina yote. Baada ya gigabaiti 2 kinaanza kuandika juu ya zile za mwanzo, au kinaandika hewani. Nilikuwa nacho kimoja. Majina yote yalikuwepo. Ukibonyeza wimbo uliotiwa Jumatatu, katikati unaingia ubatizo wa mtoto wa jirani. Namna ya kukikamata ni moja: kijaze mpaka juu kwa mafaili unayoyajua, kitoe, kichomeke tena, halafu yarudishe kwenye kompyuta na ulinganishe. Muuzaji akikataa usubiri jaribio hilo, umeshapata jibu lako.

Na MP5? Hakuna MPEG-5 iliyozaa faili la .mp5 la muziki. Neno hilo limetoka kwa wauzaji, kwa kufuata ngazi ileile ya madarasa, na utalikuta kwenye vyombo vya mfukoni vyenye kioo kikubwa kidogo na kwenye redio za gari zenye kioo. Baadhi ni vizuri, vinafungua faili la MP4 kweli, kinyume cha vile vinavyoitwa MP4. Usiulize ni MP ngapi. Nenda Birere na flashi yako yenye faili lako mwenyewe, mwambie papa wa duka akutilie hapo hapo, litazame likicheza dakika moja, na usogeze mbele uone kama sauti na midomo bado vinakwenda pamoja.

Video ya kwaya niliigeuza jioni ile. Ilikuwa 1280 kwa 720, ikawa 160 kwa 120, maana yake kila nukta 48 za mwanzo zimegeuka 1. Nyuso zilikuwa madoa ya kahawia juu ya sare nyeupe. Mama mdogo akakishika kile kioo karibu na pua, akaweka kidole kwenye doa la tatu kutoka kushoto, mstari wa nyuma. “Huyu njo miye,” akasema, akaongeza sauti.