Dagaa ni dagaa? Dhana potofu kuhusu mabishano ya maneno kwenye Wikipedia

Wikipedia ya Kiswahili, ensaiklopidia ya mtandaoni, ilianza mwaka 2003, na tangu hapo mtu yeyote mwenye simu na bando, awe Ujiji au Urambo, anaweza kuandika makala au kurekebisha ya mwenzake. Wasomaji wengi huishia kwenye makala yenyewe. Wanaofungua ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri wa makala hujadiliana, hukuta watu wamevutana wee kwa sababu ya neno moja, nao huondoka na mawazo yasiyo sahihi. Mawazo hayo yanawavunja moyo vijana wa huku kwetu Kigoma ambao wangekuwa wahariri wazuri sana.

Dhana: Kubishania neno ni kukosa kazi. Msomaji ataelewa tu.

Nenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, uone dagaa wanavyoanikwa juani. Hao ni samaki wa Ziwa Tanganyika wa aina mbili, ambao wataalamu huwaita *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, ndugu wa saradini wa baharini. Dagaa wa Mwanza ni *Rastrineobola argentea*, samaki wa ukoo mwingine kabisa, ambaye Wakenya humwita omena. Pwani nako wana dagaa wao wa maji chumvi. Tena ukivuka mpaka kuingia Burundi, dagaa wa Kigoma anakuwa ndagala. Zambia anaitwa kapenta, na *Limnothrissa* walipopandikizwa Ziwa Kariba miaka ya 1960 jina hilo lilikwenda nao.

Sasa tuseme kijana wa Mwanga, Kigoma, anaanzisha makala yenye kichwa "Dagaa" akiwawaza wa kwao. Mwenzake wa Musoma anaongeza picha na aya mbili za uvuvi wa Ziwa Viktoria. Kila mmoja ameandika anachokijua vizuri, hajadanganya mtu, lakini makala imeshaharibika: inaeleza samaki ambaye hayupo katika ziwa lolote. Wala haiishii hapo, kwa sababu makala za Wikipedia huunganishwa na makala za lugha nyingine zinazohusu kitu kilekile. Kiungo kikikosewa, mtu aliyekuwa akisoma habari za Ziwa Tanganyika anabonyeza mara moja na kutua Ziwa Viktoria bila kujua.

"Kaka, dagaa ni dagaa," ataandika mmoja kwenye majadiliano. "Hapana dada, tuseme ni wa wapi," atajibu mwingine. Huyo wa pili ndiye anayemfikiria msomaji. Wafanyabiashara walishalimaliza hili zamani: wakiwa Dar es Salaam husema dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, na bei hazilingani. Mhariri anayetenganisha makala na kuandika "Dagaa wa Ziwa Tanganyika" anafanya hivyohivyo.

Dhana: Fungua kamusi, ubishi umekwisha.

Kamusi naiheshimu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imetufikisha mbali, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyoundwa mwaka 1967, ina kazi yake ya kusanifisha istilahi. Lakini kamusi hueleza neno, ensaiklopidia hueleza kitu. Chukua "tembe". Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe alimokaa Livingstone, nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa. Hospitalini tembe ni kidonge. Kamusi itaziorodhesha maana hizo na kuziacha hapo, bila kukuambia makala ipi ibebe jina lipi. Neno na maana zake zote lina mahali pake, Wikamusi, ambao ni mradi ndugu wa Wikipedia. Anayetaka nyumba na dawa ziwekwe kwenye makala moja kwa kuwa zina jina moja anachanganya miradi hii miwili.

Dhana: Wengi wape.

Mjadala wa Wikipedia hauamuliwi kwa kuhesabu vichwa. Kinachotafutwa ni makubaliano, na hoja moja yenye chanzo kizuri huweza kuzishinda sauti kumi za "naunga mkono". Mfano ninaoupenda ni Mirambo wa Urambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884. Aitwe mtemi, chifu au mfalme? Wengi shuleni tulizoea "chifu", na kura ingepigwa huenda neno hilo lingeshinda. Lakini chini ya Waingereza uchifu ulikuwa cheo cha utawala wao, na ulifutwa mwaka 1963, baada ya uhuru. Ukimwita Mirambo chifu, unampa bosi ambaye enzi zake hakuwepo. Wanaotaka "mfalme" wana hoja pia, maana himaya yake ilivuka mbali mipaka ya Urambo, na hoja hiyo inastahili aya ndani ya makala. Kwenye kichwa mimi nasimama na "mtemi", cheo cha Wanyamwezi wenyewe, mradi sentensi ya kwanza imweleze msomaji wa Lamu mtemi ni nani.

Dhana: Jina bila nyongeza hupewa kilicho bora au kilichotangulia.

Hapa watu wa Kigoma tunaguswa. Ziwa Tanganyika lilikuwa na jina hilo kabla ya nchi. Waingereza ndio walioliazima mwaka 1920. Je, kichwa "Tanganyika" kiwe cha ziwa? Kutangulia si kigezo. Kigezo ni msomaji: anapoandika neno hilo, anatafuta nini? Huenda ni ziwa, huenda ni nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 na kuungana na Zanzibar mwaka 1964, huenda ni wilaya ya mkoa wa Katavi au jimbo la Kongo. Pale ambapo hakuna maana inayozizidi nyingine waziwazi, ukurasa wa kutofautisha maana ndio unaomfaa, mistari minne mitano inayomwelekeza anakokwenda.

Dhana: Aliyeanzisha makala ndiye mwenye neno la mwisho.

Hakuna mwenye makala. Kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, na lolote linaweza kurudishwa. Hata kichwa kilichoshindwa katika mjadala hakitupwi: huachwa kama ukurasa wa kuelekeza, hivyo atakayeandika "Chifu Mirambo" bado atafikishwa kwenye makala ya mtemi.