Video kwa websaiti: kabla hujapakia, jua nani analipia bando

Karibu kila mtu anayetaka nimwekee video kwa websaiti yake anaanza na "napakiaje?", na mimi huwa namrudisha nyuma kidogo nimuulize watu wake wataiangalia wakiwa wapi. Hapa Nairobi jibu ni simu. Mtu ako ndani ya matatu Thika Road, bando amenunua asubuhi na anataka limfikishe jioni, na kila megabaiti ya video yako yeye ndo anailipia. Naanzia hapo kila mara, juu ukishaelewa hivyo unajua cha kuchagua mbele.

Tuseme uko na WordPress, ile programu ya kuendesha websaiti, kwa hosti ya kawaida (kampuni inayokuwekea websaiti kwa seva yake) yenye cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia hosti yako. Umerekodi klipu ya dakika tatu na iPhone kwa 1080p, na kama simu imewekwa kwa H.264, namna moja ya kubana video, inakula kama MB 130 kila dakika, hiyo ni karibu MB 390. Unaenda kupakia, inakataa. Tatizo liko kwa PHP, lugha inayoendesha WordPress kwa seva: ikiwa haijaguswa, kikomo cha faili moja (upload_max_filesize) ni MB 2 na cha ombi lote (post_max_size) ni MB 8. Watu wa hosti wengi huongeza lakini mara nyingi si mpaka ufike huko. Unaweza kupandisha mwenyewe kwa MultiPHP INI Editor ndani ya cPanel, ila hakikisha post_max_size inazidi ile ingine manake ndo inabeba ombi lote, faili pamoja na vitu vingine vya fomu. Na ukiona kosa 413 (faili ni kubwa mno) na PHP ushaibadilisha, uliza kama mbele kuna Nginx, programu ya seva inayopokea maombi kwanza. Yenyewe huja na kikomo chake, client_max_body_size, cha MB 1, so faili linarudishwa kabla hata PHP haijaliona.

Haya, imekubali. Bado nakuambia usifanye hivyo. WordPress hupakia faili lote kwa mkupuo mmoja, stima ikipotea ukiwa kwa asilimia 90 unaanza upya kabisa. Halafu piga hesabu: MB 390 mara watazamaji elfu moja wakiangalia mpaka mwisho ni GB 390 zinatoka kwa seva yako, na WordPress haitaibana hiyo video, haitatengeneza saizi ndogo ya mwenye netiweki mbovu, inatoa faili vile ulivyoliweka. YouTube inatengeneza saizi kadhaa na kumpa kila mtu inayomtosha. Kwa biashara nyingi, kanisa, sacco, duka la Luthuli Avenue linaloonyesha vile spika zinafungwa, jibu langu ni moja: pakia YouTube au Vimeo, kwako pachika linki.

Kupachika kwenyewe ni rahisi sana na inaniuma nikiona watu wamelipia plagini (programu ya kuongezea kwa WordPress) kwa sababu hiyo. Tangu toleo la 2.9 la mwaka wa 2009, WordPress inaelewa kitu kinaitwa oEmbed: unabandika linki ya video ikiwa peke yake kwa mstari wake, websaiti inauliza YouTube "hii nionyeshe aje", inajibiwa na kodi (code, maandishi ya programu) ya kuonyesha, basi. Drupal, programu ingine ya websaiti, nayo iko na Remote video kwa Media tangu toleo la 8.6. Kama hutaki video ionekane kwa chaneli yako ichague kuwa haijaorodheshwa, itapachikika vizuri tu, lakini ukiiweka ya faragha wageni hawataiona. Na watu wa mahubiri marefu, akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu inaishia dakika 15, so thibitisheni kabla ya Jumapili.

Facebook ni stori ingine. Makanisa mengi hurusha ibada huko halafu wanabandika linki kwa websaiti, inabaki maandishi tu, na wanafikiria websaiti imeharibika. Haijaharibika, Oktoba 2020 Facebook ilianza kudai ruhusa maalum na WordPress ikaiondoa kwa orodha yake. Chukua kodi ya kupachika kutoka kwa Facebook yenyewe, au afadhali weka nakala YouTube.

Sasa, kupachika pia si bure. Kile kisanduku cha YouTube kinapakua mamia ya kilobaiti za kodi hata kama mtu hajabonyeza pley, na ukiweka video sita kwa ukurasa mmoja umemmalizia mtu bando bila kumwonyesha chochote. Mimi huweka picha tu yenye alama ya pley, kichezeshi chenyewe kinakuja akibonyeza. Kuna kodi ya bure inaitwa lite-youtube-embed inafanya hivyo. Kama hutaki kuhangaika, hata loading="lazy" kwa iframe (ile kodi ya kisanduku cha video) inasaidia kwa zile video ziko chini ya ukurasa.

Kuna wakati lazima video ikae kwako, labda ni mafunzo ya wafanyakazi, au klipu fupi ya bidhaa ambayo hutaki imalizike na video za watu wengine. Hapo ibane kwanza. Mimi hutumia ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, unaiandikia amri hii kwa kompyuta:

ffmpeg -i asili.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart mpya.mp4

Picha ya H.264 na sauti ya AAC ndani ya faili la MP4 zinacheza karibu kila simu, wakati ile HEVC ambayo iPhone mpya hurekodi kuna brauza zinaikataa. Ikitoka na wastani wa megabiti 1.5 kwa sekunde (Mbps), dakika zako tatu zinakuwa kama MB 34 badala ya 390. Lakini angalia hapo mwisho, +faststart, juu hii ndo watu huruka. Faili la MP4 lina kipande kinaitwa moov, ndani yake ndo kumeandikwa kila fremu iko wapi, na programu nyingi hukiweka mwisho wa faili kwa sababu kinajulikana rekodi ikishaisha. Brauza haiwezi kuanza kucheza bila hicho kipande, so inakitafuta kule mwisho kwanza, na seva ikiwa haikubali kutoa faili vipande vipande inabidi ipakue lote. Mtu anaona duara linazunguka anatoka. Faststart inakihamisha mbele na ubora wa picha hauguswi.

Ukishapata faili pandisha kwa SFTP (njia ya kutuma faili moja kwa moja kwa seva) halafu kwa bloku ya video bandika anwani yake. Weka poster (picha ya kuonekana kabla ya pley), weka preload="none" ili video isipakuliwe mapema, na autoplay (kujicheza yenyewe) achana nayo.

Na ninyi wa shule, video za wanafunzi msipachike popote kabla mzazi hajakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na mwaka wa 2023 shule moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini.

Ukimaliza zima wifi ya ofisi, chukua simu ya bei ya chini, fungua ukurasa na data, na uangalie ni megabaiti ngapi zimeenda kabla hujabonyeza pley.