Kuishi Moshi na kupita Moshi: kalenda ya mlima inavyofanya kazi

Mgeni wa Kilimanjaro huijua Moshi kwa siku mbili tatu. Anatua uwanja wa ndege wa KIA, analala, asubuhi anapelekwa geti la Machame au Marangu, na baada ya wiki anarudi kuoga na kulala usiku mmoja kabla ya kuondoka. Anayehamia, awe muuguzi aliyepangiwa hospitali ya KCMC au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, akitegemea simulizi za mgeni huyo atakosea nyumba, mwezi na bajeti. Mji huu unakula kwa msimu, na msimu wenyewe unafuata mvua. Wapandaji hujaa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, kisha tena kuanzia Krismasi hadi mapema Machi. Masika, kati ya Machi na Mei, hoteli hubaki tupu.

Tuanze na mlima wenyewe, maana ndio unaowaleta watu. Wengi huchagua Julai kwa kuwa ni kiangazi, kisha wanakaa mjini siku nne bila kuona kitu. Moshi iko chini ya mita 1,000, upande wa kusini unaopokea unyevu mwingi. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kupitia msitu, inapoa na kuwa wingu. Juni hadi Agosti wingu hilo huweza kukaa siku nzima, huku aliye juu ya mita 3,000 akiota jua. Kwa hiyo Julai ni mwezi mzuri wa kupanda na mbaya wa kutazama. Anayetaka kuuona tu aje Januari au Februari, aamke mapema atazame kabla ya saa mbili asubuhi, au asubiri jioni jua likikaribia kuzama.

Kwa mkazi, wingu hilo hilo linaingia ndani ya nyumba. Ukipanga juu, Kibosho au Uru, hewa ni safi na migomba imekuzunguka, lakini mwezi wa saba nguo zinaanikwa siku tatu. Kagua kuta: ukungu mweusi nyuma ya kabati au alama ya maji inayopanda kutoka sakafuni haiondoki kwa rangi mpya. Uliza pia njia inakuwaje Aprili. Udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya, na bodaboda ama anapandisha nauli au anakuacha barabara ya lami umalizie kwa miguu. Ukipanga chini, upande wa Pasua, tatizo ni kinyume chake: Februari bati lisilo na dari linakuchoma, na mashamba ya mpunga ya Mabogini yanazalisha mbu wa kutosha. Chandarua si hiari huko. Kodi hudaiwa ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Mimi hushauri watu watafute nyumba wakati wa masika, kwa sababu mbili: wenye nyumba waliozoea wageni wa kujitolea hulegea, na paa linalovuja unaliona kwa macho yako.

Masika ndiyo pia inayoonyesha mji unavyoishi. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa safari. Kazi zikikatika, wengi hushuka tambarare kupanda mahindi na maharage, kwa kuwa mvua inayofunga mlima ndiyo inayofungua shamba. Hata hivyo mavuno yako mbali, na miezi hiyo hupitishwa kwa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa daftari la madeni la mangi wa dukani. Ndiyo maana mkazi huona madeni yakilipwa Agosti na Septemba, na fundi aliyekuwa akipokea simu papo hapo mwezi wa tano hapatikani tena: yuko kambi ya Barafu, juu mlimani.

Mgeni anayetaka pesa yake ifike kwa watu hawa aangalie mambo mawili, mzigo na bahasha ya bakshishi. Mpagazi anaruhusiwa kubeba kilo 20, pamoja na vitu vyake mwenyewe. Begi la mgeni lisizidi kilo 15, liwe laini. Sanduku gumu la magurudumu haliwezi kubebwa kichwani. Simama getini uone mizigo ikipimwa. Kampuni isiyo makini hupima sawasawa pale, kisha mbele ya safari mpagazi mmoja anarudishwa na mzigo wake unagawanywa kwa waliobaki. Kwa hiyo hesabu watu kambi ya kwanza, kisha hesabu tena ya pili.

Bakshishi huhesabiwa kwa kundi zima, si kwa kila mgeni. Chukua kundi la wageni wanne kwa siku saba, lenye kiongozi, msaidizi, mpishi na wapagazi 14. Kwa dola 20, 15, 12 na 8 kwa siku kwa kila mmoja, jumla ni dola 1,113, karibu 278 kwa kila mgeni. Kosa kubwa ni kumkabidhi kiongozi bahasha moja. Toa bahasha kwa kila kundi la kazi na usome kiasi kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wakiwa wamesimama. Noti za dola zilizochanika au za zamani hukataliwa, na za dola moja moja hubadilishwa kwa bei ya chini. Shilingi zinafaa kabisa.

Kuna dhana moja ya wakazi ambayo ni hatari: kwamba aliyekulia Moshi ameshauzoea mlima. Mwili haujazoea chochote. Kwa hewa nyembamba ya juu, mtu wa Majengo ya Moshi hana tofauti ya maana na mtu wa Temeke ya Dar. Njia ya Marangu ya siku tano inavutia kwa bei, lakini inakulaza kambi ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo takriban 4,700: mita elfu moja kila usiku, wakati juu ya mita 3,000 inashauriwa usizidishe kama 500. Ongeza usiku wa pili Horombo. Kwa raia wa Afrika Mashariki kiingilio ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, hivyo siku ya ziada haiumizi sana, beba kitambulisho. Safari za Twenzetu Kileleni za 9 Desemba huwa na mwamko mzuri, ila vuli inaweza kuwa bado inanyesha. Koti la mvua ni lazima, na nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Desemba yenyewe ina msongamano ambao mgeni wa nje haujui. Wachagga wanarudi nyumbani, mabasi ya Dar hujaa na nauli huwa gumzo. Anayetoka Dar akate tiketi mapema, au aangalie treni, iliyorudi kubeba abiria hadi Moshi mwaka 2019. Anayetoka Mombasa apitie Voi na Taveta hadi Holili, aikwepe njia ya Dar yote. Kurudi, epuka siku mbili za kwanza baada ya mwaka mpya, maana hapo wote wanashuka kwa pamoja, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi kwenye buti.