Mvua ya Uluguru na Mzigo wa Mto Ruvu

Milima ya Uluguru mkoani Morogoro ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande wa mashariki hupigwa na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na miteremko yake ya juu hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Upande wa magharibi mvua huwa imekwisha kumwagika kabla mawingu hayajafika, na sehemu zake za chini hazipati hata nusu ya kiasi hicho. Lakini mwamba, kwa sehemu kubwa, ni wa jamii moja: miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Na maji ya pande zote huishia Ruvu, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia mito ya Mgeta na Ngerengere. Anayetaka kuelewa jinsi hali ya hewa inavyoamua mto ubebe mzigo gani wa mawe, mchanga na tope hahitaji kwenda mbali.

Mvua huanza kwa kuozesha mwamba. Maji yanayopenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza huwa na asidi kidogo, na penye joto asidi hiyo hufanya kazi haraka zaidi. Madini meusi yenye chuma ndiyo hutangulia kuoza. Chuma chake hushika kutu, nasi tunapata udongo mwekundu. Feldispa, madini yaliyojaa katika miamba hii, hufuata na kugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo, haitikisiki. Kwa hiyo penye mvua nyingi mto hukabidhiwa hasa mfinyanzi na chembe za kwatzi, na pakavu mwamba huvunjika kabla haujaoza, mchanga ukabaki na madini yake yote.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Chota mchanga wa mtoni, usuuze mpaka maji yawe safi, kisha uutandaze juani. Chembe angavu ambazo ncha ya kisu haizikwaruzi ni kwatzi. Zile nyeupe au za waridi, zisizopitisha mwanga, zenye pande bapa, ni feldispa. Vipande vyembamba vinavyometameta na kubanduka kwa ukucha ni ulanga. Ukikuta feldispa nyingi, mwamba haukupata muda wa kuoza. Huenda ni kwa sababu ya ukame, lakini huenda pia ni ukali wa mteremko: ardhi ikiporomoka mara kwa mara, mawe mabichi hufika mtoni hata penye mvua nyingi. Mchanga peke yake hautoshi kutoa hukumu, lazima na mlima uutazame.

Kubeba ni habari nyingine kabisa. Tarehe 23 Februari 1970, eneo la Mgeta lilinyeshewa takriban milimita 100 ndani ya saa tatu. Ardhi iliporomoka mahali zaidi ya elfu moja, karibu kote kwenye mashamba na nyasi; msituni ilikuwa nadra sana. Mvua kama hiyo ikigawanywa kwa wiki nzima, udongo mwingi ungeinywa. Ikija kwa mkupuo, mto wa mlimani husukuma mawe ambayo siku za kawaida hauyagusi, na sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka inaweza kupita kwa siku chache tu.

Mzigo huo hautui pamoja. Chembe ya mchanga laini huzama mita moja kwenye maji yaliyotulia kwa muda wa dakika moja hivi; chembe ya mfinyanzi huchukua siku tatu hivi au zaidi. Ndiyo maana mchanga hujaza midomo ya mabwawa, pale mto unapoingilia, huku mfinyanzi ukisafiri mpaka kwenye mitambo ya maji ya Ruvu inayohudumia Dar es Salaam, ambako dawa kama shabu hutumika kuzigandisha chembe hizo zitue.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo ninazozihofia zaidi. Mashamba yako wazi, majani yamechomwa, vumbi limelala tayari. Kimo kilekile cha maji kinaweza kubeba tope zito mwezi Novemba na jepesi mwezi Mei, mimea ikiwa imeota. Na hewa, kila inapoongezeka nyuzi moja ya joto, huweza kushika mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo dhoruba za ghafla zina malighafi zaidi. Jumla ya mvua ya mwaka inaweza isibadilike sana, na bado mto ukabeba mzigo mkubwa zaidi.

Hapo ndipo upimaji wetu unapopaswa kubadilika. Sampuli ya maji inayochukuliwa mara moja kwa mwezi, asubuhi, kukiwa shwari, hukosa dhoruba karibu zote, na bwawa likisanifiwa kwa takwimu hizo litajaa mapema. Tunahitaji watu wanaoishi kando ya mto, waliofundishwa na wanaolipwa, wenye chupa na kitabu cha kumbukumbu, wachote maji kila saa wakati mto unapanda na tena unaposhuka, kwa kuwa mara nyingi tope zito kuliko yote hupita kabla maji hayajafikia kimo chake cha juu kabisa.