Usaili wa kazi: ya kijiweni na ya mbele ya jopo

Dhana: Anayejiamini ni yule anayemwaga maneno bila kusita.

Ukweli: Mara nyingi kila mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama mbele yake, na maswali ni yaleyale kwa wasailiwa wote. Ukiongea dakika sita nje ya swali, hakuna pa kukuandikia alama. Woga hupungua ukiwa na cha kusema. Chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila jukumu, kisha kwa kila moja andika kisa cha kweli ulichokifanya: hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, kikatokea nini. Visa vitano au sita vinatosha. Visimulie kwa sauti huku saa ya simu ikikuhesabia, kila kimoja kisizidi dakika mbili. Kuvisoma kimoyomoyo hakusaidii. Ulimi nao unahitaji mazoezi.

Tuseme unaomba kazi ya utunzaji ghala. "Nilisimamia ghala vizuri" haisemi kitu. Linganisha na hii: "Daftari lilionyesha katoni 312, rafuni zilikuwa 298. Nilizipanga hati za kutolea mali kwa tarehe, nikakuta mbili hazijaingizwa daftarini, jumla yake katoni 14. Kuanzia hapo nikawa nahesabu kila Ijumaa." Angalia kiambishi *ni-*: *nilizipanga*. Malezi yetu hutukataza kujisifu, hivyo wengi husema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho, na jopo linabaki halijui wewe ulishika nini. Kutaja kazi ya mikono yako si majivuno.

Dhana: Ukiulizwa udhaifu, sema unajituma kupita kiasi.

Ukweli: Jibu hilo wasaili wamelisikia mpaka limewachosha. Taja upungufu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na unachofanya kuupunguza. Mhasibu anayeona haya kuzungumza mbele ya watu anaeleweka. Mhasibu anayesahau kuoanisha hesabu za benki hana cha kujitetea. Na ugomvi wako na bosi wa zamani haumo kwenye swali, hata kama haki ilikuwa yako.

Dhana: Ukisema "sijui" umeanguka.

Ukweli: Unachopoteza ni alama za swali hilo. Ukibuni jibu, swali la pili la ufuatiliaji litakuumbua, na hata majibu yako sahihi yataanza kutiliwa shaka. Sema hujawahi kuitumia programu hiyo, taja unayoifahamu inayofanana nayo, basi.

Dhana: Usaili huanza ukishakaa kwenye kiti.

Ukweli: Kwenye ajira za serikali Tanzania, wapo wanaorudishwa kabla ya kuulizwa chochote. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka msailiwa aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne au cha sita hazikubaliki. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, beba uthibitisho wa kisheria, na usisubiri wiki ya usaili kuutafuta.

Dhana: Kutaja mshahara ni tamaa.

Ukweli: Serikalini hakuna cha kujadili, ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo, mfano TGS D. Kampuni binafsi zitakuuliza, na "chochote mtakachonipa" ni jibu baya. Piga hesabu nyumbani. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, mshahara wa shilingi 1,000,000 ukikatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kodi ya 103,000 unabaki 797,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 nyingine ya mshahara, anabaki na 647,000. Kwa hiyo unapotaja kiasi, sema wazi kama ni kabla ya makato au ni cha kupokea mkononi.