Je, Mauzo ya Jezi Hulipa Ada ya Usajili?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki wengi huamini kwamba klabu ikimnunua nyota kwa fedha nyingi, jezi zenye jina lake zitarudisha gharama hiyo ndani ya miezi michache. Imani hii inaeleweka, kwa kuwa foleni ya wanunuzi huonekana kwa macho, ilhali mikataba ya kibiashara haionekani.

Kwa kawaida jezi hutengenezwa na kampuni ya vifaa vya michezo, ambayo huilipa klabu kiasi cha kila mwaka kilichokubaliwa pamoja na asilimia fulani ya mauzo, hivyo sehemu kubwa ya bei huishia kwa mtengenezaji, muuzaji na kodi. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: klabu ikipata 10 katika kila 100 ya bei, ada ya milioni 50 ingehitaji mauzo ya milioni 500, na mshahara wa mchezaji bado haujaguswa. Tena, huenda wengi wa wanunuzi hao wangenunua jezi ya mchezaji mwingine kama nyota huyo asingesajiliwa.

Anayetaka kuhakikisha asome taarifa za fedha zilizokaguliwa, ambazo klabu nyingi kubwa huzichapisha, kisha alinganishe mapato ya kibiashara kabla na baada ya usajili. Humo ataona pia ada ikigawanywa kwa miaka ya mkataba, jambo ambalo, kwa maoni yangu, hueleza maamuzi ya klabu vizuri zaidi kuliko jezi.