Damu na Malezi: Dhana Potofu Kuhusu Chanzo cha Tabia za Binadamu

Swali la kama tabia ya mtu hutokana na damu aliyozaliwa nayo au na malezi aliyoyapata ni la zamani, lakini aliyelivika vazi la kisayansi ni Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, ambaye mwaka 1869 alichapisha kitabu kilichodai kwamba kipaji hurithiwa ndani ya koo. Ushahidi wake mkuu ulikuwa kwamba jamaa wa majaji na wanasayansi mashuhuri wa Uingereza nao mara nyingi walikuwa watu mashuhuri, jambo ambalo yeyote anayejua jinsi vyeo na nafasi zinavyogawanywa angeweza kulieleza bila kuitaja damu hata kidogo. Hata hivyo ni Galton huyo huyo aliyependekeza, mwaka 1875, kwamba mapacha wachunguzwe ili athari za mambo hayo mawili zitenganishwe, na njia hiyo inatumika hadi leo. Utafiti wa karne moja na nusu umejibu mengi, ila majibu yakishatoka kwa watafiti huwafikia watu yakiwa yamepinda. Kwa maoni yangu upotoshaji mwingi una mzizi mmoja, nao ni kuchukua takwimu zinazohusu tofauti kati ya watu wengi na kuzisoma kana kwamba zinaeleza jinsi mtu mmoja alivyoumbwa.

Dhana: Nusu ya tabia ya mtu ni damu, nusu ni malezi

Dhana hii ina asili inayoheshimika. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo katika chembe za mwili, ilhali mapacha wasiofanana hushirikiana, kwa wastani, nusu ya zile jeni zinazotofautiana baina ya watu. Kwa hiyo, ikiwa mapacha wa kufanana wanakaribiana zaidi katika sifa fulani, mtafiti anaweza kukadiria mchango wa urithi katika sifa hiyo. Mwaka 2015 jarida la Nature Genetics lilichapisha uchambuzi uliojumuisha tafiti za namna hiyo za takriban miaka 50, zilizogusa sifa 17,804 na jozi za mapacha zaidi ya milioni 14, na wastani wa kiwango cha urithi ulikuwa asilimia 49. Ni rahisi kuona jinsi tarakimu hiyo inavyogeuka kuwa «nusu kwa nusu» mdomoni mwa watu.

Lakini kiwango cha urithi hakipimi kiasi cha jeni kilichomo ndani ya tabia ya mtu. Kinapima jambo finyu zaidi, yaani katika kundi fulani la watu, wanaoishi katika mazingira fulani, ni sehemu gani ya tofauti zilizopo kati yao inayoendana na tofauti za jeni zao. Kusema kwamba asilimia 49 ya upole wa Juma imetoka kwa wazazi wake na iliyobaki ameipata mtaani ni kauli isiyo na maana yoyote, kwa sababu upole wa Juma haukukusanywa kutoka mafungu mawili. Tazama idadi ya vidole vya mkono. Ni jeni zinazoufanya mkono uwe na vidole vitano, lakini ukiwachunguza watu wazima wasio na idadi hiyo utakuta wengi walivipoteza kwa mashine, kwa panga au kwa ajali, na hivyo kiwango cha urithi cha idadi ya vidole kinakaribia sifuri ingawa vidole vyenyewe ni kazi ya jeni.

Kiwango hicho pia hubadilika mazingira yanapobadilika. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa mapacha wa umri wa miaka saba nchini Marekani, tofauti za alama za akili katika familia maskini zilielezwa na mazingira zaidi kuliko jeni, na katika familia zenye uwezo hali ilikuwa kinyume chake. Tafiti za baadaye katika nchi za Ulaya Magharibi na Australia hazikupata mwelekeo huo, na hilo lenyewe linathibitisha kwamba takwimu ya mahali pamoja haisafirishwi hadi mahali pengine bila tahadhari.

Dhana: Cha kurithi hakibadiliki, cha malezi hurekebishika

Fenilketonuria ni ugonjwa wa kurithi kwa kila hali, kwani mtoto huupata akipokea nakala mbili mbovu za jeni moja, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mwili wake hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, kemikali iliyomo katika vyakula vyenye protini, nayo hujilimbikiza na kuuharibu ubongo. Daktari Asbjørn Følling wa Norway aliutambua mwaka 1934, na katika miaka ya 1950 ikadhihirika kwamba mtoto akilishwa chakula chenye fenilalanini kidogo anaweza kuepushwa na madhara hayo. Leo mtoto anayegunduliwa kwa tone la damu la kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa, na kuanzishiwa mlo huo mapema, hukua na akili ya kawaida, ilhali jeni yake haijaguswa.

Kimo nacho kinatoa ushahidi wa namna hiyo. Katika nchi zenye lishe ya kutosha, takriban asilimia 80 ya tofauti za urefu kati ya watu huhusishwa na urithi, lakini wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 waliwazidi wale waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20.

Upande wa pili wa dhana hii husahaulika zaidi. Baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, dunia ilishuhudia vituo vilivyojaa watoto waliolishwa bila kubebwa wala kuzungumzishwa. Mradi ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 wa vituo hivyo, baadhi yao wakapelekwa katika familia za kuwalea. Waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walipata nafuu kubwa zaidi katika ukuaji wa akili na katika kushikamana na walezi wao, kuliko waliochelewa. Madhara yale hayakutoka katika jeni, na bado kuyaondoa kulikuwa kugumu.

Dhana: Tabia ya mtoto ni hati ya mashtaka dhidi ya mama

Kwa zaidi ya miaka ishirini katikati ya karne iliyopita, waganga wa akili wa Marekani na Ulaya waliwaambia akina mama wa watoto wenye usonji (autism), hali inayoathiri mawasiliano na uhusiano na wengine, kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto hao wajifungie katika dunia yao. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za wanaofanana, nne zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili, na kati ya jozi 10 za wasiofanana haikupatikana hata moja. Kundi lilikuwa dogo, lakini tafiti kubwa zilizofuata zimeunga mkono nguvu ya urithi katika hali hiyo. Kwetu mama huyo bado husengenywa, tofauti ni kwamba mahali pa ubaridi husemwa laana au alichokula akiwa mjamzito.

Dhana: Kuna jeni ya ukatili, jeni ya akili, jeni ya uvivu

Hapa hapahitaji maneno mengi. Uchunguzi wa mwaka 2018 uliohusisha watu milioni 1.1 ulipata sehemu 1,271 za vinasaba (DNA, zinamokaa jeni) zinazohusiana na miaka mtu anayokaa shuleni, kila moja ikiwa na mchango mdogo mno, na alama iliyojumlisha taarifa za vinasaba ilieleza asilimia 11 hadi 13 tu ya tofauti za miaka hiyo kati ya watu. Mwaka huo huo watafiti wa Iceland walionyesha kwamba hata jeni za wazazi ambazo mtoto hakuzirithi zilihusiana na elimu yake, maana zilimfikia kupitia nyumba waliyomjengea. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa damu ilikuwa malezi.

Dhana: Tofauti kati ya jamii moja na nyingine zimo katika damu

Dhana hii imewahi kuwa na makao Nairobi. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyehusika na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwenzake F. W. Vint, aliyepima bongo za Waafrika waliofariki, walidai kwamba Mwafrika alizaliwa na ubongo duni, na mwaka 1933 chama cha walowezi cha kuchunguza «uboreshaji wa mbegu», yaani wa mbari za binadamu, kikaundwa. Bongo hizo zililinganishwa na vipimo vya Wazungu vilivyochukuliwa kwingine, bila kuzingatia ipasavyo maradhi na lishe ya waliokuwa wakipimwa. J. C. Carothers, aliyemfuata Gordon pale Mathari, aliupa utamaduni na malezi uzito mkubwa zaidi, lakini katika ripoti yake ya mwaka 1953 kwa Shirika la Afya Duniani bado alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja ya malezi, kumbe, haimkingi mtu na dharau.

Kosa la kimantiki lilifafanuliwa na mwanajenetiki Richard Lewontin mwaka 1970. Chukua gunia moja la mbegu mchanganyiko, panda konzi moja katika udongo wenye rutuba na nyingine katika udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba tofauti za urefu zitatokana na mbegu, kwa kuwa udongo ni mmoja, lakini tofauti kati ya mashamba yote mawili itatokana na udongo peke yake. Kiwango cha urithi ndani ya kundi, hata kiwe kikubwa namna gani, hakisemi lolote kuhusu tofauti kati ya makundi.

Ushahidi wa kupima hilo ulipatikana Embu, kilomita zisizozidi 150 kutoka Mathari. Watafiti walilinganisha makundi mawili ya watoto wa vijijini waliopimwa kwa kupishana miaka 14, la kwanza mwaka 1984 na la pili mwaka 1998, na alama za vipimo vya akili zilikuwa zimepanda kwa kiasi kikubwa. Muda huo hautoshi kubadilisha jeni za wilaya nzima. Walipotafuta sababu, waligeukia elimu ya wazazi, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto.